Mbolea ikipotelea kijitoni, hasara ni ya wote

Katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, kuna kijito kiitwacho Bear Creek. Urefu wake ni takriban kilometa 35 tu, na eneo lote linalomwaga maji yake humo ni hekta zipatazo 7,600. Ni kijito kidogo ambacho kwa kawaida kisingejulikana nje ya mashamba yanayokizunguka.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu wa kilimo na maji wamekuwa wakikitembelea kijito hicho ili kujifunza. Kinachowapeleka huko ni suala linalomgusa kila anayelima mahindi karibu na mto: mbolea iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inaishia wapi mvua zikinyesha, na nani analipa gharama za kuitoa kwenye maji ya kunywa?

Suala hilo limewagawa watu wa Iowa. Limewafikisha wakulima na mamlaka ya maji mahakamani, limejadiliwa bungeni na limeongeza gharama za maji mijini. Yaliyofanyika Bear Creek yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo inaweza kumalizwa pale pale shambani, kwa gharama ndogo kuliko ile ya mitambo ya mijini. Yanaonyesha pia kwamba ujuzi peke yake hautoshi iwapo hakuna anayewajibika kuutumia.

Kijito na ardhi yake

Bear Creek huanzia Kaunti ya Hamilton, hupita karibu na mji mdogo wa Roland katika Kaunti ya Story, kisha humwaga maji katika mto South Skunk. Mto huo huungana na mwenzake, North Skunk, na kuwa mto Skunk, ambao huingia katika mto mkubwa wa Mississippi. Maji hayo hatimaye hufika Ghuba ya Mexico, upande wa kusini kabisa wa nchi.

Ardhi ya sehemu hiyo ya Iowa ni tambarare. Zamani ilifunikwa na barafu nene, ambayo ilipoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita iliacha udongo wenye rutuba na madimbwi mengi yasiyo na njia ya kutolea maji. Walowezi walipofika katika karne ya 19 walikuta mbuga za majani marefu na ardhi oevu. Udongo ulikuwa mweusi na mzuri, lakini sehemu nyingi zilikuwa na maji mno kiasi kwamba hazikuweza kulimwa.

Ufumbuzi wao ulikuwa kufukia mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba, yenye kazi ya kukusanya maji na kuyapeleka kwenye mitaro na vijito. Kazi hiyo iliyoanza katika karne hiyo ya 19 iliendelea kwa miongo mingi, na siku hizi mabomba ya plastiki ndiyo yanayotumika. Vijito vingi navyo vilinyooshwa ili maji yaondoke haraka.

Matokeo yake ni kwamba Iowa ikawa miongoni mwa sehemu zinazozalisha mahindi mengi zaidi duniani. Mbuga za asili zilikwisha karibu zote, na katika bonde la Bear Creek sehemu kubwa ya ardhi ikawa ya mahindi na soya. Mashamba yalilimwa hadi kwenye kingo za kijito, na penye malisho ng'ombe walishuka hadi majini.

Mabadiliko hayo yaliuathiri mzunguko mzima wa maji. Majani ya asili yalikuwa na mizizi hai tangu masika ya huko hadi majira ya baridi yanapokaribia. Mahindi na soya hutumia maji na virutubisho kwa miezi michache tu. Baada ya mavuno, ardhi hukaa bila mmea hai hadi msimu unaofuata. Mvua kubwa za kati ya Aprili na Juni hukuta udongo uliojaa virutubisho, lakini mimea ya kuvitumia haijaota au bado ni midogo.

Maji yanayoonekana safi

Uchafu huingia katika kijito kama hiki kwa njia mbili, na ni vyema mkulima akazitofautisha kwa sababu dawa zake si moja.

Njia ya kwanza ni juu ya ardhi. Mvua ikipiga udongo ulio wazi, maji hutiririka na kuchukua tope, fosforasi iliyoshikamana na chembe za udongo, pamoja na bakteria kutoka kwenye samadi. Hapa mtu huona kwa macho, kwani maji hugeuka rangi. Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20, idadi inayoizidi ile ya wakazi wake mara kadhaa, na samadi ya mifugo hiyo hutumika mashambani kama mbolea.

Njia ya pili ni chini ya ardhi. Naitrojeni ikishageuka kuwa naitreti udongoni, haishikamani na chembe za udongo. Huyeyuka na kufuata maji popote yaendapo. Penye mabomba chini ya shamba, naitreti hufika kijitoni kwa haraka bila kupita juu ya ardhi. Maji yatokayo kwenye bomba huonekana meupe kabisa, hayana harufu wala ladha ya kumtia mtu wasiwasi.

Ikumbukwe kwamba naitreti hiyo haitokani na mbolea ya dukani pekee. Sehemu yake hutoka kwenye samadi, na nyingine hutokana na mboji ya udongo wenyewe inayooza kila mwaka. Ndiyo maana hata mkulima anayepima mbolea yake vizuri bado hupoteza naitrojeni ikiwa ardhi yake itakaa wazi wakati wa mvua.

Hesabu yake si ngumu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa Marekani ni miligramu 10 za naitrojeni ya naitreti katika lita moja. Shirika la Afya Duniani hutumia miligramu 50, lakini lenyewe hupima naitreti nzima, hivyo viwango hivyo viwili vinakaribiana sana.

Ikiwa shamba la hekta moja litatoa kwa chini maji ya milimeta 100 katika msimu, hizo ni lita milioni moja. Maji hayo yakiwa na miligramu 10 kwa lita, mkulima amepoteza kilo 10 za naitrojeni. Kwa kuwa mbolea ya Urea ina naitrojeni asilimia 46, hasara hiyo ni sawa na kilo 22 hivi za Urea, yaani karibu nusu ya mfuko wa kilo 50. Maji yakiwa na miligramu 20, ni karibu mfuko mzima kwa kila hekta.

Kiwango cha miligramu 10 kiliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga. Mtoto aliye chini ya miezi sita akinyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Ngozi yake hugeuka rangi ya bluu, na asipotibiwa anaweza kupoteza maisha.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kuchemsha maji hakuondoi naitreti. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa sababu hiyo ni jambo jema. Lakini naitreti hubaki, na kwa kuwa baadhi ya maji huondoka kama mvuke, kiasi kilichobaki katika kila lita huongezeka.

Gharama huhamia mjini

Bear Creek hakipeleki maji katika mji mkuu wa Iowa, Des Moines. Lakini mji huo, ulio upande wa kusini wa bonde hilo, unanywa maji ya mito miwili inayopita katika ardhi ya aina ile ile, yenye mazao yale yale na mabomba yale yale. Mito hiyo ni Raccoon na Des Moines. Yaliyoukuta mji huo yanaeleza kwa nini kijito kidogo kina umuhimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya maji ya Des Moines ililazimika kujenga mtambo maalumu wa kuondoa naitreti, mmoja wa mitambo mikubwa zaidi ya aina hiyo duniani. Mtambo huo hugharimu dola 10,000 au zaidi kwa kila siku unapofanya kazi. Katika mwaka 2015 ulifanya kazi kwa siku 177, na gharama ikafika dola milioni 1.5.

Hali huwa mbaya zaidi mvua zinapofuata ukame. Mwaka 2012 ukame ulidumaza mahindi, na naitrojeni nyingi ikabaki udongoni bila kutumika. Mvua za mwaka 2013 ziliisomba, na mwezi Mei mto Raccoon ukafikia zaidi ya miligramu 24 kwa lita, mara mbili na zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa.

Mwezi Machi 2015 mamlaka hiyo ilikwenda mahakama ya shirikisho na kuzishitaki bodi za kaunti za Sac, Calhoun na Buena Vista, zinazosimamia mifumo ya mabomba na mitaro ya mashambani. Hoja yake ilikuwa kwamba bomba linalotoa uchafu mtoni lichukuliwe kama bomba la kiwanda, na lihitaji kibali. Wakulima wengi waliona kwamba wanaonewa na watu wa mjini.

Kesi hiyo ilitupwa Machi 2017. Mahakama ilisema bodi hizo hazina mamlaka kisheria ya kurekebisha tatizo hilo, na kwamba suala hilo ni la bunge la jimbo. Haikusema kwamba maji ni safi. Gharama zikabaki kwa wateja wa maji, wakiwamo wenye migahawa, maduka na viwanda vidogo ambao hawana hata eka moja ya mahindi.

Miaka minane baadaye tatizo lilijitokeza tena. Mwezi Juni 2025 kiwango cha naitreti katika mito hiyo kilipanda kiasi kwamba wakazi wapatao 600,000 wa Des Moines na miji jirani walipigwa marufuku kumwagilia bustani za nyumbani, ili mitambo iweze kutosheleza maji ya kunywa. Mito ilikuwa na maji tele. Kilichokosekana ni uwezo wa kuyasafisha yote.

Madhara hayaishii hapo. Kila majira ya joto naitrojeni na fosforasi zinazofika Ghuba ya Mexico huotesha mwani mwingi, ambao ukifa na kuoza humaliza oksijeni ya maji ya chini. Samaki wanaoweza kuondoka huondoka, na viumbe wasioweza hufa. Mwaka 2017 eneo hilo lisilo na oksijeni lilifikia kilometa za mraba zipatazo 22,700, kubwa kuliko yote yaliyopimwa tangu vipimo vilipoanza mwaka 1985. Wavuvi wa huko hawajui Bear Creek kiko wapi, lakini wanapokea kinachotoka huko.

Ukanda wa miti na majani

Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, wakiwamo Richard Schultz na wenzake, walikubaliana na mkulima mmoja wa karibu na Roland kujaribu njia nyingine. Waliacha kulima hadi ukingoni, na badala yake wakapanda ukanda wenye upana wa takriban mita 20 kila upande wa kijito.

Ukanda huo ulipangwa kwa sehemu tatu. Karibu na maji ilipandwa mistari minne au mitano ya miti inayokua haraka, ili mizizi ishike ukingo usibomoke. Ikafuata mistari miwili ya vichaka. Upande wa shamba yalipandwa majani marefu ya asili yenye mashina magumu, kwa upana wa mita 7, ili yapunguze kasi ya maji yanayotoka shambani na kuyafanya yaache tope.

Vipimo vilivyofanyika huko vilionyesha matokeo makubwa. Kwa maji yanayotiririka juu ya ardhi, ukanda wa majani peke yake ulizuia asilimia 95 ya tope, asilimia 80 ya naitrojeni yote na asilimia 78 ya fosforasi. Miti na vichaka vilipoongezwa, tope lililozuiwa lilifika asilimia 97, naitrojeni asilimia 94 na fosforasi asilimia 91.

Aidha, udongo wa chini ya ukanda ulianza kunywa maji kwa kasi hadi mara tano ya ule wa shambani. Kingo zilipungua kumomonyoka, na ndege wakarudi. Wakulima majirani walioona kazi hiyo nao wakakubali kupanda, na kipande cha shamba moja kikawa kilometa kadhaa za kijito. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaliteua bonde hilo kuwa eneo la kitaifa la maonyesho ya kurejesha hali ya mito.

Lakini hapo ndipo ilipoonekana kasoro. Ukanda ulizuia vizuri maji ya juu, huku mabomba ya chini yakipita chini yake na kumwaga naitreti moja kwa moja kijitoni. Mkulima angeweza kuwa na ukanda mzuri wa kuvutia wageni, na bado maji yake yakawa machafu.

Mwaka 2010 Dan Jaynes, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, pamoja na Thomas Isenhart wa chuo kikuu hicho, walijaribu jambo rahisi hapo hapo Bear Creek. Walilikatiza bomba kabla halijafika kijitoni, wakaweka kisanduku cha kudhibiti kimo cha maji, kisha wakafukia bomba jingine lenye matundu sambamba na kijito ndani ya ukanda. Maji badala ya kumwagika moja kwa moja yakalazimika kupenya polepole katika udongo wenye mizizi.

Katika udongo huo ulioloa na usio na hewa ya kutosha, bakteria huichukua naitreti na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Hakuna kemikali inayonunuliwa wala umeme unaotumika. Mtambo wa mjini unahitaji vyote viwili.

Katika miaka miwili ya kwanza, ukanda wenye urefu wa mita 335 ulipokea zaidi ya nusu ya maji ya bomba hilo na kuondoa kilo 228 za naitrojeni. Hiyo ni sawa na mifuko 10 hivi ya Urea iliyokuwa ikienda mtoni kutoka kwenye bomba moja tu. Gharama ya kuweka mfumo wa aina hiyo ni dola elfu chache, na hudumu kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliuingiza katika orodha ya njia zake rasmi za hifadhi.

Nani alipe?

Kama dawa imejulikana kwa miaka mingi hivyo, kwa nini Des Moines ilikosa maji ya bustani mwaka 2025? Jibu ni kwamba mafanikio ya kijito kimoja hayajasambaa vya kutosha, na sababu kubwa ni fedha na wajibu.

Mkulima anayeacha ukanda wa mita 20 anapoteza mavuno ya ardhi hiyo. Mifuko 10 ya Urea iliyoondolewa Bear Creek haikurudi kwake, kwani iligeuka hewa. Faida ya maji safi wanaipata walio chini ya mto, lakini gharama anaibeba aliye juu. Si haki kumlaumu mkulima huyo bila kuitazama hesabu hiyo.

Serikali ya Marekani ina mpango, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, unaomlipa mkulima kodi ya ardhi kila mwaka kwa miaka 10 hadi 15 anapoitoa ardhi yenye hatari ya mmomonyoko katika kilimo. Mpango huo umesaidia sana kupanda kanda za mito. Udhaifu wake ni kwamba mkataba ukiisha na bei ya mahindi ikawa juu, mwenye shamba anaweza kurudisha jembe hadi ukingoni.

Mwaka 2013 jimbo la Iowa lilitoa mkakati wa kupunguza kwa asilimia 45 naitrojeni na fosforasi inayotoka katika jimbo hilo. Tathmini ya kitaalamu ya mkakati huo ilieleza kwamba kupunguza mbolea hadi kiwango kinachofaa kunaokoa karibu asilimia 10 ya naitreti, na kupanda zao la kufunika ardhi baada ya mavuno kunaokoa asilimia 31. Kwa hiyo hakuna njia moja inayotosha. Lakini kwa upande wa wakulima mkakati wote uliachwa uwe wa hiari, bila tarehe ya kumbana mtu yeyote.

Jimbo jirani la Minnesota lilichukua njia tofauti. Sheria yake ya mwaka 2015 ilitaka ukanda wa mimea ya kudumu wenye wastani wa mita 15 kando ya mito na maziwa ya umma, na mita 5 kando ya mitaro ya umma. Wakulima walinung'unika, na serikali ikaweka msaada wa utaalamu na fedha. Sehemu kubwa sana ya ardhi iliyohusika ikatimiza masharti hayo. Kanda hizo hazikumaliza tatizo la mabomba ya chini, lakini zilionyesha kwamba jambo linaloachwa hiari kwa miaka 20 linaweza kufanyika kwa miaka michache likiwa na sheria.

Iowa nayo iliwahi kuwa na fikra nzuri. Sheria yake ya mwaka 1987 ya kulinda maji ya ardhini iliweka tozo kwenye mbolea za naitrojeni na dawa za wadudu, na sehemu ya fedha hizo ikaanzisha kituo cha utafiti cha Leopold, ambacho kilikuwa miongoni mwa waliofadhili kazi ya Bear Creek tangu mwanzo. Kilichosababisha tatizo kilichangia kutafuta dawa yake.

Mwaka 2017 bunge la jimbo likakiondolea kituo hicho fedha zake. Mwaka 2023 likaondoa tena dola 500,000 kutoka katika fedha za utafiti wa maji, zikiwamo zilizokuwa zikigharamia vifaa vya kupima naitreti mitoni. Kuvunja kipima joto hakumponyi mgonjwa. Anayeacha kupima maji ataendelea kuyanywa yakiwa vile vile, ila hatajua anakunywa nini.

Ni dhahiri kwamba njia ya haki ni kuunganisha mambo mawili: sheria inayoweka kiwango cha chini ambacho kila mwenye shamba kando ya maji atakifuata, na malipo kwa yule anayefanya zaidi ya kiwango hicho. Mamlaka ya maji inayotumia dola milioni moja na nusu kwa mwaka mmoja kuondoa naitreti ingepata nafuu kama fedha za aina hiyo zingewafikia wakulima wa juu ya mto mapema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Des Moines imekuwa ikijenga ukuta kwa zaidi ya miaka 30.

Somo kwa mkulima

Wakulima wengi wa Tanzania hawana mabomba chini ya mashamba yao, na wengi hutumia mbolea kidogo kuliko wenzao wa Iowa. Tatizo lao halijafikia kiwango hicho, na hiyo ni nafasi nzuri ya kujikinga. Lakini zao ni lile lile la mahindi, Urea ni ile ile, na naitreti hufuata maji kwa tabia ile ile.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Kwa upana, sharti hilo ni zaidi ya lile la Minnesota. Ugumu uko katika utekelezaji, kwa sababu mara nyingi ukingo ndipo penye unyevu na rutuba, na familia yenye eka mbili haiwezi kuambiwa iachie eka moja bila kuonyeshwa itakula nini.

Hapa mfano wa Bear Creek una manufaa, kwani ukanda si lazima uwe ardhi isiyo na faida. Majani ya kukata kwa ajili ya ng'ombe wa ndani yanaweza kushika tope na papo hapo kulisha mifugo, mradi yakatwe bila kung'olewa na mifugo isishushwe mtoni. Halmashauri na mamlaka za maji za mabonde zinapaswa kukaa na wakulima na kukubaliana juu ya mimea ya aina hiyo, kuliko kusubiri kuwafyekea mazao.

Kwa upande wa shamba lenyewe, kuweka mbolea ya kukuzia kwa awamu, wakati mahindi yana mizizi ya kuipokea na si kabla ya mvua kubwa, kunapunguza hasara. Kupanda maharage au kunde zinazobaki shambani baada ya mahindi kunaupa udongo mizizi hai kwa muda mrefu zaidi. Wauzaji wa pembejeo nao wana nafasi yao, kwa sababu mteja anayepata mavuno kutokana na mfuko alionunua ndiye atakayerudi dukani msimu ujao.

Mwisho ni suala la visima. Familia yenye mtoto mchanga, inayochota maji katika kisima kifupi kilicho karibu na zizi, choo au shamba lenye mbolea nyingi, isitegemee kuchemsha peke yake. Maji hayo yapelekwe yakapimwe naitreti, na halmashauri zirahisishe huduma hiyo kwa bei ambayo mkulima anaimudu.

Bear Creek kiliharibiwa shamba kwa shamba, na kimeanza kurekebishwa kwa njia hiyo hiyo, kuanzia na mkulima mmoja aliyekubali kurudi nyuma mita 20 kutoka ukingoni. Kazi iliyobaki ni ya serikali, mamlaka za maji na wanunuzi wa mazao: kuhakikisha kwamba mkulima wa namna hiyo habaki na hasara peke yake.